Mgeni Ale Nini? Kitoweo cha Ugenini kati ya Kibiti na Delta ya Rufiji

Kila mwaka, mvua za masika zikikatika na njia zikianza kupitika, tunapokea wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo wanaokuja kutembelea miradi yetu Kibiti na katika delta ya Rufiji. Ratiba huandaliwa mapema. Tunaandika saa ya kuondoka Dar es Salaam, saa ya ibada, saa ya kukagua kisima na saa ya kupanda boti Nyamisati. Jambo moja ambalo kwa muda mrefu hatukuliandika ni kitoweo. Tuliona ni jambo dogo, la akina mama wa jikoni. Tumejifunza kwamba si dogo, na ndiyo sababu tumeona ni vema kulieleza katika toleo hili kwa faida ya kamati za sharika zinazopokea wageni, na kwa faida ya wahisani wetu wanaokuja kututembelea.

Tulivyojifunza

Miaka michache iliyopita tulikuwa njiani na wageni sita. Tulipokaribia Kibiti, mmoja wao alisema kwamba amesoma habari za Rufiji na anafahamu kuwa watu wa huku hula nyama ya porini. Aliomba, kwa nia njema kabisa, aonje swala au kiboko, kwa kuwa kila nchi anayotembelea hupenda kula kile wanachokula wenyeji. Ndani ya gari alikuwemo mzee wa kanisa wa usharika tuliokuwa tunaelekea. Mzee huyu ni mtu mkarimu. Hakusema neno, ila tulipofika alipiga simu.

Usiku, wageni wakiwa wanaoga, kijana mmoja alifika na bodaboda hadi nyuma ya nyumba tuliyoandaliwa. Alikuwa amebeba mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na vipande vya nyama vilivyokaushwa kwa moshi, vyeusi, visivyo na muhuri wowote. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubandika sufuria. Mchungaji aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii imetoka wapi?" Kijana aliangalia chini.

Nyama ile haikupikwa. Lakini jambo lililotuumiza halikuwa nyama. Kijana yule alikuwa ameichukua kwa mkopo, na sasa ilimbidi airudishe usiku uleule, katika barabara yenye vizuizi vya ukaguzi. Angekamatwa, asingekamatwa mgeni aliyeomba, wala sisi tuliosikia ombi tukatabasamu, wala mzee aliyepiga simu. Angekamatwa yeye. Hatukulala mpaka alipotuarifu kwamba amefika kwao salama.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mzee wetu. Kosa lilikuwa la ofisi yetu ya miradi, kwa kuwa tuliwaleta wageni bila kuwaeleza lolote, na tuliwaacha wenyeji wakisie wenyewe jinsi ya kuwafurahisha.

Nyama ngeni ni ipi?

Wageni wengi huja wakidhani kwamba nyamapori ndicho chakula cha asili cha Rufiji. Ukweli ni mpana zaidi. Kwa vizazi vingi, kitoweo cha Warufiji na Wandengereko kimekuwa samaki. Katika mabwawa na mito midogo ya bondeni wapo kambale, perege na kumba. Huko chini kwenye delta, ambako mikoko imefunika takriban hekta 53,000, wapo kamba, kaa wa kwenye matope na samaki wa maji chumvi. Eneo hilo, pamoja na Mafia na Kilwa, liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Nyama iliyokuwa ngeni Rufiji ni ile ambayo wengi wetu huiona ya kawaida, yaani ya ng'ombe. Mbung'o walizuia ufugaji katika sehemu kubwa ya wilaya. Hali ilibadilika hasa baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, ambapo wengi walishuka na mifugo yao hadi Rufiji na Lindi. Leo nyama ya ng'ombe inapatikana katika bucha za Kibiti na Ikwiriri, ingawa ujio wa mifugo umeleta pia migogoro ya mashamba ambayo wasomaji wetu wanaifahamu.

Nyamapori nayo ililiwa, hilo hatulifichi. Mkulima wa mpunga Rufiji hulinda shamba lake akiwa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, akifukuza nguruwe pori, nyani na viboko usiku kucha. Mnyama aliyekula mpunga wa mtu akiliwa na mtu, wengi waliona ni haki. Hata leo, kiboko akiuawa na askari wa wanyamapori kwa sababu amejeruhi watu au kuharibu mashamba, mara nyingi nyama hugawiwa wanakijiji. Lakini mgawo huo ni wa kijiji na wa siku hiyo. Si ruhusa ya kuuza, wala ya kusafirisha kipande kwa ajili ya mgeni.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu mnyamapori na kila sehemu ya mwili wake kuwa nyara ya serikali. Pembe ni nyara, ngozi ni nyara, na nyama pia ni nyara. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa, hata kama hukuwinda wewe, na hata kama ni ya mlo mmoja. Adhabu zake ni nzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2023 vyombo vya habari viliripoti habari za mama mmoja wa Nyanda za Juu Kusini aliyehukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa vipande vya nyama ya swala. Baadaye Mahakama Kuu ilimwachia huru, lakini si kila mtu hupata wa kumkatia rufaa.

Ipo njia halali. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu kufunguliwa kwa bucha za nyamapori zenye leseni, zinazopata nyama kutoka vyanzo vinavyotambuliwa kisheria. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuonja nyama ya porini anaweza kuipata mahali penye kibali, ikiwa imekaguliwa, na akapewa risiti. Asiitafute kwenye salfeti usiku.

Kwa upande wa bahari, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kuvua kasa na nguva. Nguva ni mnyama anayenyonyesha, mpole, ambaye amebaki kwa idadi ndogo sana katika Afrika Mashariki, na maji ya kati ya delta na Mafia ni miongoni mwa sehemu chache ambako bado huonekana. Zamani wavuvi walipomkuta katika nyavu walimgawana na kumsifia utamu wake. Leo akinaswa anatakiwa kuachiliwa.

Afya ya mlaji

Sheria isingekuwepo, bado tungekuwa na sababu ya kuuliza nyama imetoka wapi. Tutaje mifano mitatu.

Wa kwanza ni kasa. Nyama yake wakati mwingine huwa na sumu ambayo inadhaniwa hutokana na vitu anavyokula baharini. Kasa mwenye sumu haonekani mgonjwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwezi Novemba 2021 watu 7 walifariki kisiwani Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja, na watu wengine 78 walipelekwa hospitali. Watoto ndio huathirika zaidi. Katika nyumba nyingi za pwani kasa alikuwa kitoweo cha kufurahia pamoja na majirani, na ndivyo msiba unavyoingia katika nyumba nyingi kwa siku moja.

Wa pili ni kiboko. Mwaka 2011, katika bonde la mto Luangwa nchini Zambia, viboko walikufa kwa kimeta. Watu walichukua nyama ya mizoga ile. Mamia waliugua na 5 wakafariki. Vimelea vya kimeta hukaa ardhini kwa miaka mingi, na mtu huweza kuambukizwa kwa kuchuna tu, kabla hata ya kula. Mnyama aliyekutwa amekufa si riziki.

Wa tatu ni nguruwe pori na ngiri. Nyama yao inaweza kubeba minyoo iitwayo trikinela, ambayo hujificha katika misuli. Kukausha kwa moshi hakutoshi kuiua. Inahitaji kupikwa hadi iive kabisa ndani, wala si kubanikwa juujuu.

Jirani anayetazama

Kibiti na Rufiji ni nchi ya Waislamu, na sisi Walutheri ni wachache. Tunaishi kwa amani, na amani hiyo hujengwa kwa mambo madogo, likiwemo la mezani. Kuhusu nguruwe pori kuna jambo ambalo wageni wetu wanapaswa kulifahamu. Kwa kuwa majirani zetu wengi hawamli, hana watu wengi wa kumpunguza, naye ni adui mkubwa wa mashamba. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliyepewa na watu jina la Osama aliua watu wapatao 35 wilayani Rufiji, kabla ya kuuawa mwezi Aprili 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini, wengi wao katika mikoa ya kusini mashariki, na kwamba nguruwe pori wana sehemu yao katika vifo hivyo. Simba humfuata nguruwe shambani, na shambani humkuta mkulima aliyelala kwenye dungu akilinda mpunga.

Mgeni mmoja alipolisikia hili aliuliza kwa nini basi tusimle nguruwe pori kwa wingi. Tulimjibu kwamba hata yeye ni mnyamapori kisheria, na awindaye anahitaji kibali. Tulimjibu pia kwamba hatuwezi kumbanika uani kwa jirani anayeswali hatua chache kutoka kwetu, tukatumia visu na sufuria tulizoazima kwake, kisha kesho tumwombe aje kuchimba nasi mtaro wa maji.

Vivyo hivyo kuhusu kuchinja. Kwa desturi ya sehemu nyingi za nchi yetu, nyama ya kuliwa na watu wa imani mbalimbali huchinjwa na Mwislamu. Tunakumbuka mgogoro wa kuchinja uliotokea mkoani Geita mwaka 2013 na kusababisha kifo cha mchungaji. Jambo linaloonekana la jikoni linaweza kumwaga damu. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za nyama aliwaambia, kwa ufupi, kwamba mtu yuko huru kula, ila aangalie dhamiri ya yule aliye karibu naye. Katika delta, aliye karibu nasi ni nahodha wa boti, mwenyekiti wa kijiji, na mama aliyetuazima masufuria.

Nasi tukienda kwao

Tusije tukadhani kwamba ugeni wa kitoweo uko upande mmoja. Ujumbe wetu ulipotembelea Ujerumani, asubuhi ya siku ya pili tuliletewa mikate iliyopakwa nyama ya nguruwe iliyosagwa, mbichi, yenye chumvi na vitunguu juu yake. Wenyeji wetu walikula kwa furaha. Mzee mmoja wa ujumbe aliinua mkate, akautazama, akaurudisha sahanini taratibu, akasema, "Asanteni sana. Tumbo langu ni la kijijini, halijajifunza hii." Wote walicheka, akaletewa jibini. Hakuna aliyeona ametukanwa.

Jioni nyingine tulipewa nyama ya nguruwe mwitu wa msituni. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba wenzetu nao ni walaji wa nyamapori, na hawaoni haya. Tofauti iko katika utaratibu. Mwindaji wa kule ni lazima awe na leseni, na kila nguruwe mwitu hupimwa kwa ajili ya trikinela kabla ya kuliwa. Katika jimbo la Bavaria hupimwa pia mionzi, kwa kuwa uyoga na udongo wa misitu yake bado una mabaki ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986. Mgeni anayetoka katika nchi yenye utaratibu huo anaposema kwamba hapa hahitaji kuuliza, tumkumbushe kwa upole desturi ya kwao.

Utaratibu tunaopendekeza

Baada ya safari ile tulikaa na kamati za sharika tatu tukakubaliana mambo yafuatayo. Tunayaleta kwenu ili nanyi mpate kuyajadili:

1. Swali la kitoweo liulizwe kabla ya safari. Wageni waandike wasichokula na sababu yake, na wenyeji nao waandike wanachoweza kuandaa bila kujiumiza.

2. Katika barua ya maelekezo kwa wageni, sheria ya wanyamapori na ya uvuvi ielezwe wazi. Ombi la nyamapori lisipelekwe kwa mwanakijiji. Anayetaka kuonja apelekwe kwenye bucha yenye leseni, na risiti itunzwe.

3. Mbuzi au ng'ombe wa shughuli achinjwe na mtu ambaye majirani wote watakula mkono wake, na nyama ikaguliwe na afisa mifugo inapowezekana.

4. Fungu la kitoweo liwekwe katika bajeti ya ziara. Tumewahi kugundua, baada ya wageni kuondoka, kwamba mjane aliyetukaribisha alichinja mtetea wake wa pekee aliyekuwa akiatamia. Wahisani wasione kwamba fungu hili ni anasa. Bila hilo, gharama huangukia nyumba isiyo na uwezo.

5. Mgeni afundishwe kukataa kwa heshima. Aonje kidogo akiweza, na asipoweza ashukuru na aseme kwamba tumbo halijazoea. Asikunje uso, asinuse chakula, na asipige picha ya sahani ya mtu bila ruhusa.

6. Wasafiri wa pande zote mbili wasibebe nyama. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingia na nyama kutoka kwetu, hata ikiwa imekauka. Vilevile wageni wasinunue magamba ya kasa wala meno ya kiboko kwa ukumbusho.

7. Kamati isimruhusu mtu yeyote, kwa ajili ya kumfurahisha mgeni, kufanya jambo ambalo mgeni mwenyewe asingethubutu kulifanya kwao.

Walichokula usiku ule

Wasomaji watapenda kujua wageni wale sita walikula nini. Mama mwenye nyumba hakubandua sufuria. Aliweka wali wa nazi na kambale aliyekaushwa, akamuunga kwa nazi na ndimu. Asubuhi yake, huko Nyamisati, mvuvi mmoja alitupa kaa wakubwa wa mikoko waliofungwa kwa kamba, tukawachemsha kwa chumvi tu. Yule mgeni aliyeomba kiboko alitumia karibu saa nzima kumvunja kaa mmoja, huku watoto wakimwonyesha pa kuanzia. Tulipomweleza habari za kijana wa usiku alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha aliuliza deni la kijana lilikuwa shilingi ngapi.

Deni lile lililipwa, kwa kupitia kamati na kwa maandishi, kwa masharti kwamba kijana asirudie kazi ile. Sasa anawapeleka abiria kati ya Kibiti na bandarini, na wageni wa mwaka uliofuata waliomba kumsalimia.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaziomba kamati za sharika zipitie utaratibu huu kabla ya msimu ujao wa wageni, na zitupe maoni yao kupitia ofisi za majimbo. Mgeni wetu akiondoka, mwenyeji abaki na kuku wake, jirani yake na uhuru wake.